Gazeti la Ukutani

Wadau, nimerudi mjini. Nilikuwa nyumbani Ruangwa wiki mbili, na nina moja la kuwamegea.

Mama mdogo aliuza korosho zake mnadani, hela ikaingia. Akaniita: "Mwanangu, wewe umesoma. Mtafutie mdogo wako shule nzuri ya binafsi." Nikaingia mtandaoni. Nikapata moja Nachingwea, ya misheni, ya mtindo wa zamani: ibada asubuhi, midahalo, maigizo. Tovuti inang'aa! Maabara ya kisasa, kompyuta tele. Na uandishi wangu wote, nikasema, "Hii hapa."

Jamani, tulipofika... Maabara ina kufuli. Wanafunzi wanaocheka pichani wala si wa hapo. Niliona haya mbele ya mama mdogo. Nachingwea yenyewe inayajua haya. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango wa karanga uliopendeza sana kwenye makaratasi, mpaka reli ikajengwa. Mwaka 1951 mpango ukafa, na reli nayo baadaye ikang'olewa.

Tukiwa tunaondoka, mama mdogo akasimama kwenye ubao nje ya ukumbi. Gazeti la ukutani, limeandikwa kwa mkono. Akataka nimsomee. Ripoti ya mdahalo. Shairi. Kisha makala ya binti wa kidato cha tatu: bomba limekauka siku ngapi, na vipindi vingapi vimepotea watu wakichota maji. Chini yake, muhuri wa shule.

"Wamemruhusu abandike hii?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Basi mtoto atasoma hapa."

Mkuu wa shule aliposikia kazi yangu, akaniomba niwasaidie kuiboresha tovuti. Nikamwambia: Mwalimu, ondoa picha za kuazima. Waachie wanafunzi wale wale wa ubaoni waandike wenyewe. Na matokeo yawekeni kama yalivyo, maana Baraza la Mitihani huyatoa mtandaoni na mzazi anayaona.

Akanyamaza kidogo. "Na ile ya maji?"

"Hiyo ndiyo ya kwanza, Mwalimu."

Akacheka, akanisindikiza mpaka getini bila kunijibu.

Muhula unaanza Januari. Godoro na sanduku la mdogo wangu vimeshanunuliwa, na aliyeichagua shule ni mimi. Kila asubuhi naifungua ile tovuti. Wale watoto wa kuazima bado wanacheka.