Kabati la vyombo na vigari vya bwana wangu



Mimi nilivushwa bahari kutoka Kilindoni hadi Nyamisati, nikapandishwa gari hadi Kibiti, na vyombo vyangu vikaja nyuma kwenye maboksi matatu. Mama alivikusanya kidogo kidogo tangu niko kidato cha pili: sahani za maua ya buluu, mabakuli ya pilau, birika, vikombe vya kahawa vya kushikwa kwa vidole viwili. Njia nzima nilikuwa nawaza kabati la vioo ambalo mchumba aliniambia lipo sebuleni. Nikalikuta kweli. Lakini nikalikuta limejaa.

Vigari. Vidogo vya chuma, vimepangwa kwa rangi kama khanga dukani. Ferrari, Lamborghini, Porsche, Nissan Skyline, yale magari ya mbio tunayoyaona kwenye simu tu. Siku ya tatu, alipokwenda kazini, nilivihesabu: 61. Somo wangu alinifunza mengi, Mungu amlipe kheri, lakini la mwanamume mwenye ndevu na vigari 61 hakunifunza.

Bwana wangu ni fundi magari. Mchana kutwa yuko chini ya Noah na Hiace zilizoumizwa na mashimo, jioni anaoga, anaswali, anafungua kabati. Ana kitambaa laini cha kufutia, na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya amevitupia kila rafu, kwa sababu hewa yetu ya chumvi inakula vyuma vya ekseli. Mwili wenyewe ni wa zinki iliyochanganywa na aluminiamu, huyeyushwa na kusukumwa kwenye kalibu. Zinki ikichanganyika na risasi, alinieleza, kigari hupasuka chenyewe baada ya miaka, hata kama hakijaguswa. Alinionyesha Ferrari F40: gari lenyewe lilitoka 1987, kampuni ilipotimiza miaka 40, na lina urefu wa mita 4 na ushei. Ligawe mara 64, unapata kitu kisichofika sentimita 7. Akakigeuza nisome chini. "Mwaka huu usikudanganye," akasema, "kwenye Hot Wheels ni mwaka wa umbo, si mwaka kilipotengenezwa. Wauzaji wengi hawajui." Nilitikisa kichwa kama mke mwema. Moyoni nilikuwa nawaza sahani zangu chini ya kitanda.

Nilidhani ndiyo israfu yenyewe hii. Nikamuuliza ukhti anayetusomesha darsa, bila kusema ni ya nani. Alicheka. Akatukumbusha hadithi ya Bi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, iliyomo katika Sunan Abu Dawud: upepo ulifunua pazia, Mtume, rehema na amani zimshukie, akaona wanasesere wake, na katikati yao farasi mwenye mbawa mbili za kitambaa. Akauliza, farasi na mbawa? Bi Aisha akajibu kwa kumkumbusha farasi wa Nabii Sulaiman, na Mtume akacheka. Kisha ukhti akaniuliza mimi: chakula kinakosekana nyumbani? Hakikosekani. Kodi? Imelipwa. Basi, akasema, kaongee na mumeo habari ya rafu.

Sikuongea. Kwa sababu mashoga zangu, niwaambie ukweli, shida haikuwa rafu.

Mwaka wa kwanza ukapita, wa pili, wa tatu. Mgeni akiingia sebuleni, macho yanakwenda kwenye kabati, halafu yanashuka sakafuni yakitafuta mtoto. Nikawa nasema, "Vya watoto wa wifi." Uongo mwepesi, unatoka bila hata kumeza mate. Siku moja jirani alikuja na mwanawe, akatazama kabati, akasema, "Vitu vya kuchezea tele, mwenye kuvichezea yuko wapi?" Hakukusudia ubaya, najua. Nilicheka kwa midomo. Kisha nikafungua kioo, nikachukua kimoja chekundu, nikampa mtoto aende nacho. Walipoondoka nikavitia vyote kwenye boksi, nikavisukuma chini ya kitanda, nikapanga sahani zangu.

Jioni bwana aliangalia kabati, akala, hakusema kitu. Usiku ndipo akauliza, "Kile chekundu kiko wapi?"

"Nimempa mtoto wa jirani."

"Sawa," akasema, akageukia ukutani.

Nilikuwa nimetoa mali ya mtu bila idhini yake, na nilijua. Lakini kujua na kusema ni vitu viwili.

Baada ya Idi tulikwenda kwao, Mbwera, ndani ya delta. Pale Nyamisati tulisubiri maji yajae ndipo boti iondoke, tukapita katikati ya mikoko inayofanana mpaka unashangaa nahodha anakumbukaje njia. Huko safari ni mtumbwi, boti na miguu. Usiku mama mkwe akanisogelea jikoni. "Mkwe wangu, yule mwenzio bado ana vigari vyake?" Nikanyamaza. Akanisimulia kwamba mwanawe alikuwa akitengeneza gari kwa boya la nyavu lililookotwa ufukweni, magurudumu ya soli za kandambili, anaviringisha juu ya tope lililokauka kabla maji hayajarudi. Hajawahi kuona gari. Baba yake alipopeleka boriti za mikoko Dar es Salaam, akamletea kimoja cha dukani, cha chuma, chekundu. Ndicho pekee alichowahi kununuliwa. Kikaenda na maji mvua za El Niño, pamoja na nusu ya nyumba. "Alilia kwa kile," mama akasema, "si kwa nyumba."

Bwana hakuwahi kuniambia. Kile nilichokitoa alikikuta Kariakoo, kwenye rundo la vitu vya mtumba, akiwa mtu mzima. Si kile kile, ila kinafanana.

Tuliporudi Kibiti nilijitanda nikaenda kwa jirani. Hakuna aibu kama kwenda kudai kitu ulichompa mtoto. Nilimwambia, "Dada, niwie radhi, hakikuwa changu. Na si vya watoto wa wifi, ni vya mume wangu." Akanitazama muda. Mtoto akakifukua kwenye mchanga nyuma ya choo, ekseli imepinda, rangi imetoka ubavuni. Nikakiosha, nikakiweka kwenye mto wa bwana, nikamwomba msamaha. Nikamwambia pia la wageni na macho yao sakafuni. Tulikaa mpaka adhana ya alfajiri, na kwa mara ya kwanza na yeye alisema yake, kwamba garini kwake pia wanamuuliza.

Ekseli aliinyoosha kwa koleo. Rangi hakuigusa.

Kabati sasa tumegawana: juu sahani za mama, chini vigari, na vimekuwa 64. Cha mwisho nilikinunua mimi, Porsche iliyochubuka, kwenye turubai la mitumba. Muuzaji alitaka elfu tatu, nikageuza nikasoma chini, nikamshusha hadi elfu moja. Mtoto wa jirani hupita akitoka madrasa. Anaruhusiwa kile chekundu tu. Anakiendesha chini ya meza kwa kelele za injini zinazoniumiza kichwa, na kabla ya magharibi anakirudisha mwenyewe, rafu ya chini, pua ikitazama mlangoni.