Adabu, Alama na Mlango wa Oxford

Kwetu Tanzania, mtu huingia chuo kikuu kwa cheti chake. Unafanya mtihani wa kidato cha sita mwezi Mei, Baraza la Mitihani linatangaza matokeo Julai, unachukua pointi zako na kuomba Mlimani, Muhimbili au Sokoine. Anayesahihisha karatasi yako haoni jina, anaona namba. Hajui kama baba yako ni mkurugenzi au anauza dagaa Kirumba. Nimekaa Uingereza muda mrefu, na kadiri ninavyoona vyuo vya huku vinavyochagua wanafunzi, ndivyo ninavyozidi kuiheshimu namba ile. Ila kuna jambo moja namba haimfanyii kijana wetu: haimzoeshi kusema anachofikiri mbele ya mtu anayekijua kitu kuliko yeye. Akiomba Oxford au Cambridge, hapo ndipo anapokwama, tena akiwa na divisheni wani yake safi.

Kabla ya kufika huko kuna kalenda. Maombi ya shahada ya kwanza huku Uingereza hupitia mfumo mmoja wa intaneti, UCAS, na unaruhusiwa kuchagua kozi tano. Oxford na Cambridge huwezi kuziomba zote mbili kwa mwaka mmoja. Mwisho wa kuomba vyuo hivyo viwili, na kozi nyingi za udaktari nchini humo, ni tarehe 15 Oktoba saa 12 jioni, ambayo kwetu ni saa 2 usiku, kwa masomo yatakayoanza mwaka unaofuata. Oktoba hiyo mwanafunzi wetu wa kidato cha sita yuko bwenini, simu marufuku, mtihani umebakiza miezi saba. Barua pepe za UCAS atazisomea wapi? Tena anatakiwa mwalimu atakayeandika ni alama gani anatarajia mwanafunzi huyu azipate, kazi ambayo walimu wetu wengi hawajawahi kuombwa waifanye. Vijana wanaoniuliza huwa nawaambia wamalize mtihani, waende JKT, matokeo yatoke, kisha waombe Oktoba wakiwa na cheti mkononi. Na kabla ya yote wasome ukurasa wa chuo husika unaotaja vigezo nchi kwa nchi, kwa kuwa si kila chuo kinapokea cheti chetu moja kwa moja. Ndugu zetu wa Kenya wenye KCSE mara nyingi hutakiwa kupita kwanza A-level au mwaka wa maandalizi.

Inakuja barua ya mwalimu. Niliwahi kuonyeshwa moja, imepigwa chapa vizuri, ina muhuri wa mkuu wa shule. Ilisema binti huyu ni mtiifu, msafi, anashirikiana na wenzake, amekuwa kiranja wa mazingira na hajawahi kushiriki vurugu zozote shuleni. Kila neno lilikuwa kweli, na mwalimu aliyeiandika anampenda mwanafunzi wake. Kwa mzazi yeyote wa kwetu ile ni sifa kubwa. Lakini msomaji wa Oxford anatafuta kitu kingine kabisa: binti huyu akipewa swali gumu la kemia anafanya nini? Anauliza maswali gani darasani? Alisoma nini nje ya silabasi? Ameshika nafasi ya ngapi kati ya wangapi? Nilimwomba binti arudi kwa mwalimu wake wa kemia na maswali hayo manne. Mwalimu alikumbuka kwamba siku moja, maabara haikuwa na kemikali ya zoezi, binti akapendekeza watumie maji ya rosela kama kiashiria cha asidi. Sentensi hiyo moja ina uzito kuliko ukurasa mzima wa utiifu.

Maelezo anayoandika mwombaji mwenyewe yanafuata mkondo huo huo. Kwa wanaoanza masomo mwaka 2026 na kuendelea, ile insha moja ndefu imegawanywa kuwa maswali matatu, jumla herufi 4,000 pamoja na nafasi. Vijana wetu huzimaliza wakisimulia shida walizopitia. Shida zinastahili kutajwa, kwa kifupi, halafu nafasi yote iliyobaki iende kwenye somo lenyewe.

Kisha usaili, mwezi Desemba, ambao kwa walio nje ya Uingereza kwa kawaida hufanyika mtandaoni. Wanaokusaili ni wahadhiri wa somo lako, mara nyingi wale wale watakaokufundisha. Kule mwanafunzi hukutana na mwalimu wake kila wiki wakiwa wawili au watatu tu, anatetea insha au hesabu yake, na mwalimu anatafuta inapovuja. Usaili ni kipande cha somo hilo. Wanataka kuona kama unafundishika kwa namna hiyo.

Mfano wa swali la baiolojia ambao Oxford wenyewe waliwahi kuutoa hadharani: kwa nini simba dume ana manyoya mengi shingoni? Nilimuuliza yule binti kwa simu, tukifanya mazoezi. Akanyamaza kidogo, akasema, "Samahani dada, hiyo hatukufundishwa." Nikamwambia ajaribu tu. Akasema labda ya kukinga shingo wakipigana. Nikampinga: mbona basi majike, ambao nao hupigana, hawana? Papo hapo akarudi nyuma: "Ndiyo dada, uko sahihi." Nilisikia uchungu, maana hoja yake ilikuwa na miguu. Amelelewa, kama nilivyolelewa mimi, kwamba mkubwa akishasema, mjadala umekwisha. Msaili angetaka aseme: ngoja kwanza, nitajuaje? Nitapimaje? Na jaribio la namna hiyo lilifanyika nyumbani kwetu, Serengeti. Peyton West na Craig Packer waliweka simba bandia wenye ukubwa wa simba halisi, manyoya yakitofautiana rangi na urefu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2002. Majike waliwaendea wenye manyoya meusi. Madume walipendelea kuwasogelea wenye manyoya mafupi. Mtoto wa Mugumu ana haki ya kulijua jaribio hilo kuliko mtoto wa Surrey.

Mtoto wa Surrey naye, akiwa shule ya kulipia, hufanyishwa usaili wa mazoezi na walimu waliosoma vyuo hivyo hivyo. Shule za kulipia zina takribani asilimia 7 ya watoto wa Uingereza, lakini kati ya Waingereza wanaoingia Oxford na Cambridge, karibu watatu kwa kila kumi wanatoka huko. Ndiyo maana nasema namba yetu ina haki ambayo sauti haina.

Fedha niseme wazi. Kozi nyingi za Oxford zinamtoza mgeni zaidi ya pauni 35,000 kwa mwaka, bila chakula na malazi, na Bodi ya Mikopo ya Uingereza haimhusu. Ufadhili wa shahada ya kwanza, kama ule wa Reach Oxford, upo lakini ni wa watu wachache mno. Njia pana zaidi iko kwenye shahada ya pili: Chevening, Commonwealth, Rhodes, Gates Cambridge. Kusoma Mlimani kwanza na kuomba baadaye ni mpango mzuri, na ningemshauri mdogo wangu aufuate.

Kwenye shahada ya pili nako watakuuliza unafikiri nini. Kwa hiyo nawaomba Watanzania wenzangu mlioko huku: Novemba hii, kila mmoja achukue kijana mmoja wa nyumbani, ampigie Jumamosi, amuulize swali la somo lake, ampinge, na asikubali "ndiyo dada" kuwa jibu. Mliosoma sayansi ndio ninaowahitaji kwanza, kwa sababu vijana wengi wanaoniandikia wanataka udaktari na uhandisi, na mimi fizikia niliiacha kidato cha pili.