Njia ndefu ya dokta wa vitabu

Kuna mwanafunzi wa namna moja ambaye jamaa zake hawamwelewi hata kidogo. Ana miaka thelathini na tano, pengine arobaini. Ana mke na watoto, na mvi zimeanza kuonekana ndevuni. Kila asubuhi anachukua mfuko wake wa vitabu na kwenda zake, na ukimwuliza anafanya kazi gani, anajibu: «Ninasoma.» Watu humtazama, kisha huwatazama watoto wake, wakanyamaza kwa adabu. Huyo ndiye anayetafuta cheo cha dokta; si dokta wa sindano na dawa, bali dokta wa elimu, ambaye kesho atawafundisha wale watakaowafundisha watoto wetu.

Sisi tunaye mmoja nyumbani kwetu Kalemie, ndugu yetu mdogo wa tumbo moja. Kwa sababu yake tumejifunza mambo ambayo seminari haikutufundisha, na tunataka kuyaeleza hapa, maana tumeona jamaa nyingine zikiumia kwa kutoyajua.

Kwanza neno lenyewe. Kitabu cha uchunguzi anachokiandika mwanafunzi huyo huitwa «teze», kwa kufuata Kifaransa. Mama mmoja wa kartie yetu, aliyefanya kazi miaka mingi katika dispansari, alisikia neno hilo akadhani tunasema «tezi». Miaka miwili mizima alikuwa akituuliza kwa huruma: «Na mdogo wenu, ile tezi yake haijakatwa bado?» Tulicheka sana siku tulipotambua. Lakini tukifikiri vizuri, mama huyo hakuwa mbali na kweli. Ni kitu kinachokua polepole shingoni mwa mtu, wala mwenyewe hawezi kujikata.

Kwetu Kongo watu wa rika letu walipita njia hii: miaka mitatu ya gradua, miwili ya lisansi, aliyefaulu sana akachukuliwa kuwa asistenti, baadaye yakaja masomo yaliyoitwa DEA, ndipo akaandikwa kwa ajili ya teze. Sheria ya mafundisho ya tarehe 11 Februari 2014 ilileta mpango mwingine, wa lisansi miaka mitatu, masta miwili, kisha udokta, na tangu mwaka wa masomo wa 2021-2022 vyuo vimeanza kuufuata. Mpango ni mpya, lakini shida tunayotaka kuisema iko katika ule wa zamani na inaweza kukaa vizuri sana katika huu mpya.

Shida ndiyo hii. Tangu darasa la kwanza mpaka hapo, mtoto ana kengele, ana mitihani, ana karatasi ya alama kila mwisho wa mwaka. Baba asiyejua kusoma anaona wino mwekundu na kuelewa. Lakini siku mwanafunzi anapoandikwa kwa teze, kengele inanyamaza. Hakuna darasa, hakuna alama, hakuna wa pili wala wa kwanza. Ni kama mvuvi aliyetoka pwani usiku: taa za mji zimepotea nyuma yake, za ng'ambo hazijaonekana. Mwenye kumwongoza ni mtu mmoja tu, profesa wake, wanayemwita promoteri. Promoteri akiwa na nafasi, mambo huenda. Asipokuwa na nafasi, mwanafunzi hupiga kasia akizunguka palepale, na hajui kwamba anazunguka.

Mdogo wetu aliandikwa mwaka 2015. Yeye anachunguza ndakala, wale samaki wadogo wa ziwa Tanganika: jinsi wanavyoanikwa mchangani, wangapi wanaharibika wakati wa mvua, na kwa namna gani wangeweza kukaa siku nyingi bila kuoza. Mtu aweza kucheka, akasema: dokta wa ndakala! Acheni kucheka. Nyumba nyingi za kwetu hazina nyama nyingine, na siku ndakala wakioza, mama mwenye kuwaanika anapoteza mtaji wake wa juma zima. Baba yetu hakucheka. Aliuza injini ya mashua yake ili kijana apate kompyuta na nauli ya kwenda mji ule wenye chuo.

Promoteri wake alikuwa mtu mwema na mwenye akili nyingi; hatutasema ubaya wake. Lakini alifundisha katika miji mitatu, kama maprofesa wengi wa kwetu, kwa kuwa mshahara wa mahali pamoja haukumtosha. Mdogo wetu alimvizia mlangoni pa darasa na kutembea naye mpaka barabarani. Katika mwendo huo wa dakika tano ndipo teze ilipohukumiwa: «Endelea, endelea tu, ni vizuri.» Hakuna kilichoandikwa. Mwaka 2019 profesa akaugua, na baada ya miezi miwili akafariki.

Hapo tuliona ubaya wa njia isiyo na mashahidi. Miaka minne ya kazi ilikuwa imesimama juu ya maneno ya marehemu. Profesa mpya alipokea kurasa zote, akazisoma kwa uaminifu, akasema: swali lenyewe ni pana mno, teze kumi zingeingia humo, inabidi kuanza upya. Je, alikosea? Tuliposikia tulimkasirikia. Leo tunasema alikuwa na haki. Yeye ndiye mtu wa kwanza aliyeuliza jambo lililopasa kuulizwa mwaka wa kwanza. Baba yetu alifariki mwaka uliofuata, na injini yake ilikuwa haijarudi. Katika kikao cha jamaa baada ya matanga, baba mdogo akasema wazi: «Mwanangu, umepanda miaka minne, hukuvuna hata muhogo. Kuna kazi ya kuhesabu mizigo bandarini. Wanao wanakula nini?» Mdogo wetu hakujibu. Sisi nasi hatukuwa na jibu, maana hatukujua kama amebakiza mwaka mmoja au kumi. Na yeye hakujua.

Mwaka 2022 alipata msaada wa kwenda kukaa miezi sita Louvain-la-Neuve, Ubelgiji. Wazee wetu watalikumbuka jina la Louvain. Lovanium, iliyofunguliwa mwaka 1954 karibu na Léopoldville, ilikuwa binti wa chuo hicho, mpaka mwaka 1971 ilipounganishwa na vyuo vya Lubumbashi na Kisangani kuwa chuo kimoja cha taifa, ambacho mwaka 1981 kiligawanywa tena kuwa vitatu. Kutoka huko mdogo wetu alituandikia barua ndefu. Hakutuandikia juu ya baridi wala treni, kama tulivyotazamia. Alituandikia juu ya vituo.

«Yaya,» aliandika, «huku njia ya dokta imepigwa vigingi.» Kazi huhesabiwa kwa kredi, ambazo ni kipimo cha kazi, mwaka mzima wa masomo ni kredi 60. Udokta wote ni kredi 180, na katika hizo 60 ni za mafunzo: kuhudhuria masomo, kujifunza kutumia hesabu na kuandika, kusema mbele ya mikutano ya wataalamu, kutoa makala katika majarida. Promoteri hayuko peke yake. Kuna kamati ya kumsindikiza mwanafunzi, yenye promoteri na angalau wengine wawili, na maneno yao huandikwa. Kisha, baada ya mwaka mmoja au miwili, kinakuja kigingi kikubwa kinachoitwa jaribio la kuthibitishwa. Mwanafunzi anawaeleza wakubwa swali lake, kazi aliyokwisha kuifanya na mpango wa miaka iliyobaki, nao wanasema kama aendelee, au atengeneze, au aache.

Mdogo wetu alimwona huko dada mmoja aliyetoka katika chumba hicho analia. Walimwambia swali lake ni pana mno. Maneno yaleyale! Lakini yeye aliambiwa katika mwezi wa kumi na nane, wala hakuwa amemzika promoteri wake. Baada ya majuma machache alirudi na swali dogo zaidi, wakamthibitisha. Tulipoisoma barua hiyo tulinyamaza kwa muda. Watu wengi hudhani vikao hivi ni miiba wanayowekewa wanafunzi ili wachomwe. Sisi tunaona ni kinyume. Pasipo kigingi, anayeumia ni mdogo, kwa kuwa mkubwa ana cheo chake tayari.

Na mwishoni kuna utetezi mara mbili: mmoja wa faragha, mbele ya wahukumu peke yao, na baadaye mwingine wa hadhara, ambao yeyote anaweza kuingia na kusikiliza. Hapa tuseme neno juu ya desturi yetu. Kwetu jamaa huiona siku ile ya hadhara tu. Vitenge vya namna moja vinashonwa, mbuzi anachinjwa, wapiga picha wanaitwa, na mara nyingine gharama ya siku hiyo inamfunga dokta mpya kwa deni la mwaka. Hatukatazi furaha, na sisi wenyewe tutavaa kitenge. Lakini jamaa iliyochanga kwa ajili ya mbuzi, je, ilichanga pia kwa ajili ya safari ya kwenda kumwona promoteri, au karatasi na wino wa mwaka wa pili, wakati hapakuwa na mtu wa kupiga picha?

Kusema mbele za watu si jambo la mwisho wa njia tu, wala si jambo la Wazungu tu. Mwezi wa Januari 1960, pale Lovanium, mwanafunzi Tharcisse Tshibangu alijadiliana hadharani na mkuu wa kitivo chake cha teolojia, Padri Alfred Vanneste. Swali lilikuwa hili: je, yawezekana kuwa na teolojia yenye sura ya Kiafrika? Mwanafunzi alisema yawezekana. Mkuu alitia shaka, akitaka kwanza elimu iliyo ya watu wote. Maneno yao yalichapishwa mwaka uleule katika Revue du Clergé Africain. Mwanafunzi huyo alikwenda Louvain, mwaka 1965 akatoa kitabu chake kikubwa cha uchunguzi, na mwaka 1967 akawa rekta wa Lovanium yenyewe. Tunafikiri mara nyingi juu ya siku ile ya 1960. Kijana alipimwa mbele ya mashahidi wakati bado angeweza kugeuza mawazo yake au kuyatia nguvu.

Siku hizi kuna njia nyingine ya kujizoeza, nayo ilitufurahisha. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Queensland, katika Australia, kilianzisha mashindano: kila mwanafunzi wa udokta aieleze teze yake kwa dakika tatu, kwa picha moja tu, na watu wasio wataalamu waelewe. Asili yake ni ukame. Nchi ilikosa mvua, watu wakaombwa wasikawie bafuni, na wengi wakatundika ukutani kile kipimo kidogo cha dakika tatu cha kuchemshia mayai. Alan Lawson, aliyekuwa mkuu wa masomo hayo ya juu chuoni, akawaza: kama mtu aweza kuoga kwa dakika tatu, aweza pia kusema. Mwaka 2012 watu wa Québec waliyafanya kwa Kifaransa, wakayaita sekunde 180, na mwaka 2014 nchi kadhaa, Ubelgiji mojawapo, zilikutana Montréal kwa shindano la mwisho.

Mdogo wetu alirudi na mambo hayo kichwani. Hakugombana na mtu. Mwaka 2023 alimwendea profesa wake mpya kwa heshima, akamwomba maprofesa wengine wawili waungane naye, hata kama ni kwa simu, na kila miezi sita waandike ukurasa mmoja: kilichokubaliwa, kilichokataliwa, kinachongojewa. Tena kila ukurasa utiwe saini tatu. Profesa alifikiri siku chache, akakubali. Tunaamini na yeye alifurahi kutobeba mzigo peke yake. Ukurasa wa kwanza ulipofika Kalemie, tulimsomea baba mdogo kwa Kiswahili, mstari kwa mstari. Akauliza: «Hizi ni sahihi za watu wazima?» Tukasema ndiyo. Akauliza tena: «Sura ngapi zimebaki?» Tukasema tatu. Tangu siku hiyo hatukusikia tena habari ya kazi ya bandarini.

Katika mvua za mwaka 2024 mdogo wetu alishuka pwani, akawaomba mama wanaoanika ndakala wamsikilize dakika tatu. Hakuwa na picha, alikuwa na kichanja cha wavu alichokitengeneza kwa mikono yake. Akaeleza kwamba samaki aliyeanikwa juu ya kichanja hupata hewa pande zote, hukauka upesi, wala hashiki mchanga. Aliposema, walimwelewa, tuliona kwa vichwa vyao. Ndipo mama mmoja mzee akasema: «Mwanangu, umesema vizuri. Sasa niambie, kichanja chako kinabeba ndoo ngapi? Mchanga ni wa bure, nao una nafasi. Na mvua ikija usiku wa manane, nani ataamka kukifunika?»

Alitoa daftari akaandika maswali yote mawili. Kamati, katika kikao kilichofuata, ikamwambia ayajibu kabla ya kuendelea mbele, na sura ya nne inaandikwa sasa juu ya hayo. Kikao kingine kimewekwa mwezi wa Oktoba. Baba mdogo ameiandika tarehe yake ukutani kwa mkaa, karibu na mlango, mahali alipokuwa akihesabu madeni ya wavu.