Usiku wa Maharagi

Wiki nzima tulikuwa tumekula maharagi yenye wadudu, na prefe alikuwa amekataza malalamiko. Usiku wa Ijumaa bweni zima tuliamka. Tulipiga sahani, tukaimba, tukavunja vioo vya chumba cha kulia. Nilikuwa mwaka wa nne wa sekondari, na sikuwahi kujisikia huru namna ile.

Miaka mitano baadaye, hapa Kisangani, nilitazama Zéro de conduite ya Jean Vigo, filamu ya 1933. Wanafunzi wa bweni wanapasua mito hadi manyoya yanajaa hewani; siku ya sherehe wanapanda paa na kuwarushia wakubwa vitu. Ufaransa iliipiga marufuku hadi 1945. Nilicheka, nikasema: hawa ni sisi.

Kisha nikatazama Notre-Dame du Nil ya Atiq Rahimi (2019), iliyotokana na riwaya ya Scholastique Mukasonga. Tuko Rwanda, 1973, katika shule ya bweni ya wasichana inayoongozwa na watawa. Gloriosa, binti wa mkubwa wa chama, anavunja pua ya sanamu ya Bikira Maria kwa kuwa anaiona ni pua ya Kitutsi. Kisha anabuni uongo kwamba ameshambuliwa. Huo nao ni uasi: sheria ya shule imevunjwa, kitu kitakatifu kimeguswa. Lakini wanaowindwa mwishoni ni wanafunzi wenzake Watutsi, na wakuu wa shule hawawatetei.

Sikucheka tena. Nilikumbuka kwamba usiku wetu haukuishia kwenye vioo. Mtu alitaja jina la mwenzetu mmoja aliyetoka mbali, ambaye Kiswahili chake tulikuwa tukikiiga kwa dhihaka. Ikasemwa ndiye mpelelezi wa prefe. Hakuna aliyedai ushahidi. Walimtoa kitandani, wakampiga. Mimi sikumpiga. Mimi nilishika tochi.

Jumatatu prefe alihesabu vioo, na kila mmoja wetu alilipa sehemu yake. Kuhusu yule kijana hakuna aliyeulizwa, na hakuna aliyesema. Muhula ulipokwisha aliondoka bila kuaga.

Darasani tunapochambua filamu za uasi, tunapenda kuuliza nani amethubutu kurusha jiwe. Siku hizi mimi nauliza limemwangukia nani.