Nilimwambia Kutapika ni Kawaida

Kosa langu lina maneno machache: "Vumilia, mdogo wangu, kutapika ni kawaida. Hata mimi nilitapika." Nilimwambia hivyo binti wa mama yangu mdogo, majuma machache baada ya kufanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, na nikamrudia maneno hayo kila aliponipigia simu. Nilisema kwa upendo. Upendo huo haukumfaa kitu. Ulimchelewesha tu kufika hospitali.

Mimi nilikuwa nimemtangulia. Nilifanyiwa upasuaji wangu India, kama wengi wa Dar es Salaam wenye uwezo au wenye ndugu wa kuwachangia. Wangu ulikuwa ule wa kugeuza njia ya chakula. Daktari hutenga kijifuko kidogo juu ya tumbo, cha kubeba kama mililita 30 hivi, kisha hukiunganisha na utumbo mwembamba huko chini, ili chakula kiruke sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo. Uzito uliporomoka. Sukari iliyonisumbua kwa miaka ikatulia. Kwenye vikao vya harusi na misiba watu wakawa wananivuta pembeni: "Dada, umetumia nini?" Wachache niliowaamini niliwaambia ukweli, na kwao nikageuka mwalimu. Sikuwa nimesomea chochote. Mwili uliopungua ndio uliokuwa cheti changu, na hakuna aliyekihoji, wala mimi mwenyewe sikukihoji.

Mtu angenihoji angegundua kwamba hata vidonge vyangu mwenyewe sikujua kuvimeza. Nilipotoka hospitali nilipewa karatasi yenye orodha ya virutubisho vya maisha yote: vitamini mchanganyiko, chuma, kalsiamu, vitamini D, B12. Mwaka wa kwanza nilivimeza, lakini vyote kwa mkupuo mmoja, asubuhi, kwa chai ya rangi. Sasa naelewa nilichokuwa nakifanya. Chuma na kalsiamu hunyonywa zaidi katika sehemu ya mwanzo ya utumbo mwembamba, ile ile ambayo chakula changu hakipiti tena. Nafasi iliyobaki ya kuvipokea ni ndogo, nami nikavigombanisha humo humo, kwa sababu kalsiamu huzuia chuma kunyonywa, ndiyo maana mtu huambiwa aviachanishe kwa saa mbili au zaidi. Chai nayo ina tanini zinazokishika chuma kikatoka kama kilivyoingia. Tena kalsiamu niliyonunua duka la dawa la mtaani, kwa kuwa bei yake ilikuwa nafuu, ilikuwa ya kaboneti, inayohitaji asidi ya tumbo ili iyeyuke. Kijifuko changu kina asidi kidogo mno. Kwenye karatasi waliandika ya sitireti, isiyohitaji asidi hiyo. Niliona herufi tofauti nikadhani ni tofauti ya kampuni.

Mwaka wa pili nikaacha vyote. Nilikuwa nakula dagaa, mchicha, matembele na maharage, nikaamini chakula chetu kinatosha, na kwamba vidonge ni vya Wazungu wanaokula vya makopo. Nilijisikia mzima kabisa.

Nilijisikia mzima kwa sababu mwili ulikuwa unakula akiba. Vitamini B12 iliyo kwenye nyama, samaki na maziwa haiingii mwilini hivi hivi. Kwanza asidi ya tumbo iitenganishe na chakula, kisha ishikwe na protini maalumu inayotengenezwa na ukuta wa tumbo, halafu viende pamoja mpaka mwisho wa utumbo mwembamba ndipo inyonywe. Tumbo langu lililorukwa bado lipo, lakini halikutani tena na chakula kama zamani, na kazi hiyo inafanyika nusunusu. Hata hivyo ini huweka B12 ya kutosha miaka, aghalabu miwili hadi mitano. Ndani ya miaka hiyo mtu aliyeacha vidonge hutembea, hufanya kazi, hucheka, na huwashauri wenzake waache pia. Kama anameza asidi ya foliki, ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa damu yake inaweza kuonekana nzuri kwenye vipimo huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika. Miguu yangu ilianza kufa ganzi usiku, nami nikalaumu viatu.

Huyo ndiye aliyekuwa mshauri wa mdogo wangu.

Wake ulikuwa upasuaji wa aina nyingine, uliofanyika hapa hapa nchini. Alikatwa tumbo kwa urefu, karibu robo tatu au zaidi ikatolewa, akabakiwa na kitu chembamba mfano wa ndizi. Utumbo wake haukuguswa. Nikajengea hoja hapo: chakula chake kinapita njia yote, kila kitu kinanyonywa, kwa hiyo wake ni mwepesi kuliko wangu na hana sababu ya kuhangaika na vitamini. Hoja hiyo ilikuwa na mantiki, lakini ilisahau kwamba kinachotapikwa hakifiki kokote kunyonywa.

Alitapika maji. Alitapika supu. Alitapika vidonge, nami nikamwambia aviache kwa muda, maana huenda ndivyo vinavyomchafua tumbo. Nikamwagiza anywe uji mwembamba wa mchele, atie sukari apate nguvu. Hapa naomba nieleweke vizuri, kwa sababu ndipo ujinga wangu ulipokuwa mzito kuliko popote. Kuna vitamini inayoitwa thiamini, yaani B1, ambayo mwili hauna ghala lake kubwa. Akiba yote ya mtu mzima ni kama miligramu 30, na mwanamke anahitaji karibu miligramu 1.1 kila siku. Asipoingiza, akiba hukauka ndani ya wiki mbili au tatu. Mwili hutumia thiamini kuichoma sukari, hivyo ukila wanga na sukari pasipo thiamini, unaimaliza haraka zaidi. Na mchele mweupe uliokobolewa umeachwa bila ganda lake, ambamo thiamini nyingi ilikuwamo. Madhara ya mchele huo yamejulikana tangu miaka ya 1890, pale daktari Mholanzi Christiaan Eijkman alipoona huko Batavia, Jakarta ya leo, kwamba kuku waliolishwa mchele mweupe wanapooza miguu, na wakipewa usiokobolewa wanainuka. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1929. Mimi, zaidi ya karne moja baadaye, nikiwa na simu mkononi na karatasi ya hospitali kabatini, nilimpa mgonjwa anayetapika uji wa mchele mweupe wenye sukari, na nikamwondolea vidonge vyenye thiamini.

Mimi nilitapika siku chache baada ya upasuaji, kisha nikapona. Yeye alitapika wiki baada ya wiki. Nililiita jambo langu na jambo lake kwa jina moja.

Alianza kupepesuka. Akasema anaona vitu viwili viwili. Mama mdogo alidhani ni njaa, jirani akasema ni malaria imepanda kichwani, na mwingine alishatafuta mtu wa kumsomea dua. Walipomfikisha hospitali alikuwa anachanganya maneno, anamwita mama yake kwa jina la shangazi. Akawekewa dripu ya glukosi, kama anavyowekewa mtu yeyote aliyeishiwa nguvu.

Na hapa lipo kosa la pili, ambalo kwangu ni kubwa kuliko la kwanza, kwa sababu la kwanza nililifanya kwa kutojua. Nyumbani hakuna aliyejua kwamba amefanyiwa upasuaji. Aliwaaga kwamba anakwenda semina ya kazini. Alikuwa ameniapisha. Katika familia yetu, kama ilivyo katika familia nyingi nizijuazo, mwanamke akipungua kwa mazoezi husifiwa, na akipungua kwa kisu husemwa: mvivu, mlafi, ameshindwa kujizuia. Mimi nililijua hilo kwa uchungu wangu mwenyewe, kwa hiyo nilikilinda kiapo. Daktari aliuliza mbele yetu sote kama ana ugonjwa wowote wa zamani, au kama amewahi kupasuliwa. Mama mdogo akajibu, "Hapana, ana vidonda vya tumbo tu." Nilikuwa nimesimama upande wa miguu ya kitanda. Nilinyamaza.

Niliendelea kunyamaza huku dripu inashuka. Nilijiambia kwamba upasuaji umepita, na kwamba madaktari watajua wenyewe. Nilijiambia pia kwamba akipata nafuu atanichukia kwa kumfichua. Asubuhi yake hali ilikuwa mbaya zaidi, macho yake yakichezacheza pembeni bila kutulia. Nikamfuata daktari kwenye korido nikamweleza yote: upasuaji, kutapika, vidonge nilivyomkataza, uji. Hakunigombeza. Aliita muuguzi palepale, akaagiza thiamini ya kupitisha kwenye mshipa, kisha akaniambia, bila kunitazama usoni, kwamba thiamini ilipaswa kutangulia glukosi.

Ugonjwa wenyewe unaitwa kwa jina la Carl Wernicke, daktari Mjerumani aliyeueleza mwaka 1881. Wengi huuhusisha na walevi, na ni kweli kwamba wawili kati ya wagonjwa wake watatu wa mwanzo walikuwa wanywaji wa pombe. Wa tatu alikuwa msichana mshonaji aliyekunywa asidi, tumbo lake likaharibika akawa anatapika. Nimemfikiria sana msichana huyo. Ugonjwa huu umekuwa na sura ya mwanamke anayetapika tangu siku ulipoandikwa kwa mara ya kwanza, na wote watatu walikufa kwa kuwa wakati ule vitamini zenyewe zilikuwa hazijajulikana. Kwa mgonjwa wetu, dawa ilikuwa kwenye duka la hospitali, na bei yake haizidi ya vocha ya simu. Kilichokosekana ni mtu wa kusema, na mtu huyo alikuwa mimi.

Macho yalitulia mapema, ndani ya siku chache. Miguu ilichukua miezi, na mpaka leo hashuki ngazi bila kushika ukuta. Wiki zile hazikumbuki kabisa. Wala hakumbuki nilimwambia nini kwenye simu, na hiyo ilikuwa fursa yangu ya kunyamaza mara ya tatu. Niliitamani, siwezi kukana. Nilikwenda kwa Mama mdogo nikamwamkia, nikakaa, nikamweleza mbele ya mwanawe, neno kwa neno. Mama mdogo aliniuliza swali moja tu: "Daktari alipouliza, ulikuwa umeshajua?" Nikamjibu ndiyo. Hajanifukuza, lakini hajaniita mwanangu tangu siku ile. Mdogo wangu alikasirika kwa siri yake kutoka kuliko kwa ushauri wangu, na sikuona kama nina haki ya kumwelekeza akasirikie lipi.

Vipimo vyangu mwenyewe nilivifanya baada ya hapo. Akiba ya chuma ilikuwa imekwisha, B12 iko chini. Sasa nachomwa sindano ya B12 kila mwezi, mikrogramu 1,000. Kalsiamu ya sitireti naigawa mara tatu, kwa sababu mwili haupokei vizuri zaidi ya miligramu 500 au 600 kwa wakati mmoja. Chuma nakimeza usiku mbali na kalsiamu, na chai naiweka mbali na vyote. Ganzi ya vidole vya miguu imepungua, ila haijaondoka, na daktari hakuniahidi kwamba itaondoka.

Wanawake bado wananipigia, maana namba yangu ilishasambaa. Siwaambii tena wale nini. Nawauliza wametapika tangu lini, na anayesema imepita siku mbili tatu namwambia aende hospitali leo, ataje upasuaji wake, aulizie thiamini kabla ya dripu ya sukari. Kisha nawauliza nyumbani nani anajua, ili siku wakishindwa kusema wenyewe awepo wa kuwasemea. Hapo baadhi yao hukata simu. Nami huwapigia tena.