Kadi Ndani ya Mto

Kadi ya TANU, chama cha kudai uhuru, ilikuwa yangu, lakini kazi iliyopotea ni ya mume wangu. Alikuwa karani wa serikali, na watumishi wa serikali walikatazwa kujiunga na chama. Basi mke ndiye aliyekata kadi. Yangu niliishonea ndani ya mto wa kulalia. Nani aliyesema, sijui mpaka leo. Mwishoni mwa 1957 ilikuja barua ya mistari miwili, na mshahara ukakoma.

Nikaanza kukaanga vitumbua alfajiri na kuvipeleka stesheni ya Tabora. Siku za mvua abiria hawakununua, tulivila wenyewe.

Januari 1958 wajumbe wa TANU wakafurika mjini kwetu. Nilikuwa miongoni mwa waliowapikia, kwa hiyo ubishi wao niliusikia pamoja na moshi: tuingie kwenye kura tatu au tususe? Kila mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Tena si kila mtu aliruhusiwa: uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000, au elimu, au cheo. Nyerere, kiongozi wao, akawashawishi wakubali. Zuberi Mtemvu, aliyepinga, akajitoa, akaunda chama chake.

Nakiri, usiku ule moyo wangu ulikuwa kwa Mtemvu. Mume wangu aliishia darasa la sita, elimu isiyotosha. Kura angeipata kwa mshahara tu, na mshahara nilimkosesha mimi. Nilimlilia jikoni mpaka akaniambia, "Mama Asha, vitumbua vinaungua."

Mwaka huo huo Nyerere alishtakiwa kwa kashfa, akatozwa faini. Pauni 150! Mume wangu akacheka, mara ya kwanza tangu ile barua.

TANU ilishinda kwa hizo hizo kura tatu, na mazungumzo ya uhuru na Gavana Turnbull yakaenda mbio kuliko nilivyodhani. Kwa uchaguzi wa 1960 kujua kusoma na kuandika Kiswahili kulitosha. Wakati huo tulishahamia kwa wakwe zangu. Mume wangu alijiandikisha mapema, akaikunja karatasi yake kama hirizi. Kumbe jimbo lile lilikuwa miongoni mwa 58, kati ya 71, ambayo wagombea walipita bila kupingwa. Hakukuwa na kura ya kupiga.

Siku ya uchaguzi alivaa koti lake la ofisini hivyo hivyo, akaketi barazani, akaniagiza chai.