Kashai, kwa Babu na Bibi

Meli ya MV Victoria ilitoka Mwanza usiku, ikapitia Kemondo, na asubuhi nikaiona Bukoba kwa mara ya kwanza: milima mbele, migomba hadi juu. Bodaboda alinishusha Kashai, kata yenye nyumba zilizobanana kuliko nilivyotarajia, nyumbani kwa babu, mjomba wake mama. Yeye anaishi na dada yake, mjane.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Umekuja kwa meli? Ulilala kitandani?"

"Ndiyo, babu."

"Basi hukusafiri."

Yeye alisafiri. Miaka ya hamsini alichaguliwa kwenda Tabora, shule ileile aliyosoma Nyerere. Alilala sitahani na sanduku la bati kichwani, kisha Mwanza akapanda treni. Hakuwa amewahi kuona nchi isiyo na mgomba, na njia nzima, anasema, alijiuliza watu wa huko wanakula nini.

Kabla ya hapo kulikuwa na shule ya misheni: peku, kaptula moja ya kaki, na jani la mgomba kichwani, maana Bukoba mvua haina likizo. Chakula cha mchana ni ndizi za jana zilizofungwa jani. Waliandika kwenye kibao cha jiwe. Somo likiisha unafuta, uandike jingine, kwa hiyo la jana halikuwa na pa kukaa ila kichwani. Asubuhi mwalimu alikagua kucha, halafu akauliza ya jana. Aliyesahau alikula fimbo. Babu hadi leo anataja mito ya Tanganyika kwa mpangilio bila kupumua. Sijui inamsaidia nini, lakini nilimwonea wivu.

Mwisho wa darasa la nne ulikuja mtihani. Wachache waliendelea shule ya kati, waliobaki wakarudi shambani. Hata aliyefaulu alihitaji ada, na ada ilikuwa kahawa.

Hapo bibi, aliyekuwa kimya akimenya ndizi, akaingilia. "Waitu, mwambie na kahawa hiyo aliichuma nani."

Aliichuma yeye. Yeye misheni ilimfundisha katekisimu hadi kipaimara, basi. Kusoma barua yake mwenyewe alikuja kujifunza kwenye madarasa ya kisomo, baada ya Mwalimu Nyerere kuutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wakati huo alikuwa mama wa watoto kadhaa.

Kesho yake nilikwenda misheni ya Kashozi, walikofika wamisionari wa Mapadri Weupe mwaka 1892. Kanisa, miti, utulivu. Seminari ya Rubya, kule Muleba, alikosoma Kardinali Rugambwa, sikufika. Barabara na mvua viliamua.

Niliporudi Kashai watoto walikuwa wanatoka shule, wamejaa barabara nzima, wasichana kwa wavulana, bodaboda zikipiga honi bila mafanikio. Ada ya shule ya msingi ilifutwa mwaka 1973, na mwaka uliofuata Azimio la Musoma likataka kila mtoto aandikishwe. Babu alitikisa kichwa. Darasa la watoto mia, alisema, si darasa. Zamani shule ilitoa watu.

Ilitoa, sibishi. Lakini kati ya shule iliyomchagua kaka ikamwacha dada, na hii iliyosongamana, mimi nachagua iliyosongamana. Serikali iongeze walimu na madawati.